KANDA ZETU ZA ZAMANI NA KOMPYUTA: FUATA WAYA MPAKA UJUE PICHA INAPOTELEA WAPI



Vikundi vingi vya kujisaidia hapa Pwani vina sanduku la kanda mahali fulani, labda chini ya kitanda cha mweka hazina, labda juu ya kabati la kanisa. Ndani mna kaseti za sauti za mikutano, kanda za video za harambee, za siku ya kufungua kisima, za kwaya, za arusi na za mazishi ya wazee walioanzisha mradi. Mara nyingi hilo sanduku ndilo daftari la pekee lililobaki. Katibu wa wakati ule aliandika nusu ukurasa tu, lakini katika kanda mzee mwenyewe asema kwa sauti yake nani alitoa kiwanja, mpaka wakomea wapi, na maji yagawanywe vipi.

Kunasa sauti si jambo geni kisiwani Mombasa. Kabla ya Uhuru wa 1963 watu walisikiliza redio ya Sauti ya Mvita. Baadaye Mji wa Kale ukawa na duka la Mbwana Radio Service, lililojulikana sana kwa kaseti zake za taarabu. Waimbaji wakubwa wa Mombasa kama Juma Bhalo, aliyefariki 2014, na Zein l'Abdin, aliyefariki 2016, hatunao tena, lakini sauti zao tunazo kwa sababu kuna aliyenasa na kuna aliyetunza. Mzee wa kijiji chako pia ana sauti moja tu. Kanda yake ikiharibika, hakuna duka litakalokuuzia nyingine.

Na kanda zaharibika. Deki za kuzichezea pia zaisha. Funai ya Japani, kampuni ya mwisho kutengeneza deki za VHS, iliacha kazi hiyo 2016. Ndiyo maana vikundi vingi vyataka kuhamisha kanda hadi kwenye kompyuta kwa kutumia kadi ya kunasa. Lakini malalamiko ni mengi: picha haionekani, sauti haitoki, picha haina rangi, midomo yasema kabla ya sauti, faili lakatika katikati. Watu wakilaumu kadi hununua nyingine, na hiyo nyingine nayo yafanya vile vile. Pesa za kikundi zimekwenda, na kanda imechezwa mara kumi bure.

Makala haya yaeleza namna ya kutafuta kosa kwa utaratibu. Huhitaji kuwa fundi.

KADI YA KUNASA NI KITU GANI?

Deki hutoa picha na sauti kama mawimbi ya umeme. Kompyuta haielewi mawimbi, inaelewa tarakimu tu. Kazi ya kadi ni kupima yale mawimbi mara nyingi sana kwa kila sekunde, na kuyaandika kama tarakimu. Kwa mtindo wa PAL, ambao ndio uliotumika Kenya, kila sekunde ina picha 25, na kila picha ina mistari 625. Kati ya hiyo, mistari 576 ndiyo unayoiona.

Kadi ni za aina mbili. Ya kwanza hupachikwa ndani ya kompyuta kubwa ya mezani. Ya pili ni kifaa kidogo kama flashi, chachomekwa katika tundu la USB, na hicho ndicho watu wengi hutumia sasa. Zote mbili zafanya kazi moja.

Sasa shikeni jambo hili, maana ndilo moyo wa makala yote. Kutoka kanda mpaka faili kuna vituo sita:

1. Kanda yenyewe.
2. Deki au kinasa sauti.
3. Nyaya.
4. Kadi.
5. Programu.
6. Diski ya kuhifadhia.

Vikundi vya maji vyajua habari hii vizuri. Maji yasipofika mferejini, hukimbilii kununua mfereji mpya. Waanza tangini, wafuata bomba, wafungua kila kiungo, mpaka uone pale maji yanapokomea. Picha ni hivyo hivyo. Anza kwenye kanda ufuate waya. Na badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Ukibadilisha waya na programu na tundu kwa pamoja, hata ikikubali hutajua dawa ilikuwa ipi.

USIJARIBIE KANDA YENYE THAMANI

Kila mara kanda inapopita ndani ya deki, inasuguliwa. Kanda nzuri yavumilia. Kanda ya miaka thelathini, iliyokaa katika joto la Pwani, huenda imebakiza safari moja tu njema. Msitumie safari hiyo kujaribia nyaya.

Tafuteni kanda isiyo na maana, kama filamu ya zamani iliyokwisha kuchosha watu au mechi ya mpira iliyonaswa na majirani. Fanyeni majaribio yote na hiyo mpaka kila kitu kiwe sawa. Hapo ndipo mlete kanda ya mzee.

Jambo la pili: kila kanda ya VHS na kila kaseti ina kijino cha plastiki ukingoni. Kivunjeni kabla ya kuiweka kwenye mashine. Kijino kikivunjika, mashine haiwezi kunasa kitu kipya juu ya kilichomo, hata mtu akibonyeza kitufe kwa bahati mbaya.

HEWA YA BAHARINI NA KUVU

Mombasa ni kisiwa, na hewa yake ina unyevu na chumvi mwaka mzima. Nyumba za Mji wa Kale zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa hufyonza unyevu ukutani. Kanda iliyopangwa kwenye rafu inayogusa ukuta huo huota kuvu.

Kabla ya kucheza, tazameni kupitia kidirisha cha kanda. Mkiona unga mweupe au madoa kama ya chokaa ukingoni mwa utepe, MSIICHEZE. Kuvu itaingia katika deki, kutoka hapo itahamia kanda nyingine zote, na utepe wenyewe waweza kukatika. Iwekeni kando katika mfuko wake peke yake, na mtafute fundi mwenye ujuzi wa kusafisha kanda.

Mkiwa mwaleta kanda kisiwani kutoka ng'ambo, kwa feri ya Likoni au kwa daraja la Nyali, msiziache ndani ya gari lililosimama juani. Na mkifika katika ofisi yenye kiyoyozi, ziacheni zipumzike saa mbili au tatu kabla ya kuzicheza. Kanda na deki zikitoka kwenye baridi kuingia kwenye joto huwa na umande ndani, na utepe waweza kunata. Kama kazi ni kubwa, ipangeni Januari na Februari, wakati wa kaskazi, ambapo mvua ni chache zaidi.

SASA TUTAFUTE KOSA

Tatizo la 1: Hakuna picha kabisa.

Kwanza toeni kadi katika habari hii. Unganisheni deki moja kwa moja na televisheni. Kama televisheni haionyeshi picha, kosa liko katika kanda, deki au waya, na kadi haina hatia. Tazameni kama nyaya zimechomekwa upande wa KUTOKA wa deki. Deki nyingi zina matundu ya kuingia na ya kutoka yaliyokaa pamoja, yenye rangi zile zile, na ni rahisi kukosea.

Kama televisheni yaonyesha, rudini kwenye kompyuta. Ndani ya programu kuna mahali pa kuchagua picha inatoka tundu gani. Kadi nyingi zina matundu mawili: la manjano la mviringo, na jeusi lenye matundu madogo liitwalo S-Video. Kama waya umechomekwa kwenye la manjano na programu yasubiri S-Video, utaona giza tu. Badilisheni hapo.

Bado giza? Angalieni kama kompyuta yaitambua kadi. Kila kadi yahitaji programu ndogo ya kuiendesha. Kadi ya zamani yaweza kukosa programu hiyo kwa kompyuta mpya, na hapo kweli itabidi kompyuta nyingine au kadi nyingine. Pia fungeni programu yoyote nyingine inayotumia kamera, kwani kadi nyingi haziwezi kutumikia programu mbili pamoja.

Tatizo la 2: Picha haina rangi, au yapanda na kushuka.

Hapa ugonjwa mara nyingi ni mtindo. Kenya, Uingereza na Omani zilitumia PAL. Marekani na Kanada zilitumia NTSC, yenye mistari 525 na karibu picha 30 kwa sekunde. Ufaransa ilitumia SECAM. Programu nyingi za kunasa hutoka kiwandani zikiwa zimewekwa NTSC. Ukiipa kanda ya PAL, utaona picha nyeusi na nyeupe, au picha inayobingirika, au ukanda mweusi. Ingieni kwenye mipangilio mchague PAL.

Kama kanda ilitumwa na ndugu aliyeko Marekani, fanyeni kinyume: deki iwe ni ile inayoweza kusoma NTSC, na programu iwekwe NTSC. Jueni kwamba deki nyingi zacheza NTSC kwa namna ya nusu nusu, ambayo televisheni yaikubali lakini kadi yaikataa. Mkiona televisheni iko sawa na kompyuta iko vibaya, hilo ndilo la kushuku.

Kama mtindo ni sahihi na rangi bado haipo, tazameni waya. Waya wa manjano uliochomekwa kwa kiunganishi kwenye tundu la S-Video hutoa picha bila rangi.

Tatizo la 3: Picha ina theluji, mistari au yatikisika.

Bonyezeni vile vitufe vya deki vya kurekebisha mkao wa utepe, taratibu, mpaka mistari ishuke. Kama kanda zote zaonyesha theluji, kichwa cha deki ni kichafu. Kichwa hicho ni gurudumu linalozunguka mara 1,500 kwa dakika, na ni laini sana. Kisafisheni deki ikiwa imechomolewa, kwa karatasi safi iliyoloweshwa spiriti ya isopropyl yenye nguvu ya asilimia 90 au zaidi, si spiriti ya rangi wala pafyumu. Shikeni karatasi imetulia, mzungushe gurudumu kwa kidole polepole. Msisugue juu na chini, mtakivunja. Msitumie pamba, nyuzi zake hunasa. Asiye na hakika ampelekee fundi.

Tatizo la 4: Picha iko, sauti hakuna.

Hili ndilo malalamiko makubwa kuliko yote. Kumbukeni kwamba waya wa manjano hubeba picha peke yake. Sauti hupita katika waya mwekundu na mweupe. Kadi nyingi za ndani ya kompyuta hazipokei sauti kabisa: sauti yapasa kupelekwa kwa waya wa pili hadi tundu la sauti la kompyuta, na programu iambiwe kwamba sauti yatoka huko.

Kompyuta ya mezani ina matundu mawili yanayofanana. La waridi ni la kipaza sauti, la buluu ni la kupokea sauti kutoka mashine nyingine. Tumieni la buluu. Sauti ya deki ikiingia kwenye la waridi, itapasuka na kukwaruza, kwani tundu hilo lilitengenezwa kwa sauti ndogo sana. Kompyuta nyingi za kubeba mkononi zina tundu moja tu, la visikizio na kipaza sauti, na hilo halifai. Nunueni kadi ndogo ya sauti ya USB yenye tundu la kupokea.

Kuna kosa jingine linalowapata wengi. Windows za miaka hii, 10 na 11, zina mlango wa faragha unaozuia programu kutumia kipaza sauti na kamera. Mlango huo huzuia pia sauti na picha kutoka kwenye kadi, hata kama hamtumii kipaza sauti chochote. Ingieni kwenye mipangilio, sehemu ya faragha, mruhusu kipaza sauti na kamera kwa programu yenu.

Deki yenye sauti upande mmoja tu, waya mweupe pekee, haijaharibika. Ilitengenezwa hivyo. Mwaweza kunasa upande mmoja kisha kuuambia uwe pande zote mbili.

Tatizo la 5: Sauti ina mngurumo.

Mngurumo mzito usiokatika mara nyingi watokana na umeme. Stima yetu hutikisika mara 50 kwa sekunde, na deki ikiwa soketi moja na kompyuta soketi nyingine, mtikisiko huo huingia katika nyaya za sauti. Chomekeni kila kitu kwenye ekstensheni moja. Kama kompyuta ina betri, jaribuni kuchomoa chaja yake. Mngurumo ukikoma, mmempata mwizi. Lakini msikate ule mguu wa tatu wa plagi. Wako wanaofanya hivyo, na ni hatari kwa maisha.

Tatizo la 6: Sauti na picha zaachana.

Tazameni midomo ya msemaji mwanzo wa faili, katikati na mwisho. Kama sauti imechelewa kwa kiasi kile kile kuanzia mwanzo hadi mwisho, si shida. Programu yoyote ya kuhariri itaivuta mbele. Lakini kama mwanzo ni sawa na mwisho zimeachana mbali, basi kuna saa mbili zisizoafikiana. Kadi yahesabu picha kwa saa yake, na kadi ya sauti yahesabu sauti kwa saa yake. Zikipishana kwa sehemu moja tu katika elfu, baada ya saa nzima sauti na picha zitakuwa zimeachana kwa sekunde 3.6.

Dawa ni tatu. Kwanza, tumieni kifaa kinachopokea sauti na picha kwa pamoja. Pili, wekeni kiwango cha sauti kuwa 48,000 kila mahali, katika Windows na katika programu pia. Tatu, angalieni kama kompyuta yaangusha picha. Programu nyingi zina hesabu inayoonyesha picha zilizoanguka. Ikipanda, fungeni kila kitu kingine, zimeni intaneti kwa muda, na msinase moja kwa moja kwenye flashi ya bei rahisi. Na kama kanda ni kuukuu na mawimbi yake yayumba, wako mafundi wanaoipitisha kwanza ndani ya kinasa DVD ili ituliezwe, halafu ndipo iingie kwenye kadi. Mara nyingi yasaidia.

Tatizo la 7: Faili lakatika peke yake, au halifunguki.

Faili likikatika kila mara linapofika gigabaiti 4, diski au flashi yenu iko katika mtindo wa zamani uitwao FAT32, ambao haukubali faili kubwa zaidi ya hapo. Itengenezeni upya kwa mtindo wa NTFS au exFAT. Angalieni sana: kufanya hivyo hufuta kila kitu kilichomo. Hamisheni vitu kwanza.

Pimeni nafasi kabla ya kuanza. Picha ya PAL isiyobanwa kabisa hula karibu gigabaiti 75 kwa saa. Mtindo wa DV hula karibu 13. MPEG-2 ya kiwango kizuri hula 3 mpaka 4. Kwa kikundi cha kawaida kiwango hiki cha mwisho kinatosha, ila kanda yenye ushahidi mkubwa yafaa kunaswa kwa DV au zaidi.

Stima ikikatika katikati ya kazi, faili la MP4 mara nyingi halifunguki tena. Programu ya OBS Studio, ambayo ni ya bure, yaweza kunasa kwa mtindo wa MKV. Faili hilo likikatwa, kile kilichokwisha kunaswa chabaki salama. Kompyuta yenye betri yasaidia, lakini deki haina betri, kwa hivyo hata kifaa kidogo cha akiba ya umeme ni mali.

Tatizo la 8: Picha yang'aa na kufifia, au kadi yakataa kunasa.

Kama hutokea kwa filamu ya kununuliwa tu, huo si ugonjwa. Ni kinga iliyowekwa na wenye filamu ili isinakiliwe. Kenya ina Sheria ya Hakimiliki ya 2001 na bodi ya kuisimamia. Shughuli yetu ni kanda zetu wenyewe.

KASETI ZA SAUTI

Hapa kazi ni nyepesi zaidi, na kikundi chaweza kuanza nayo. Chukueni kinasa sauti chenye tundu la kutolea sauti, au hata la visikizio, mpeleke waya kwenye tundu la buluu. Programu ya Audacity ni ya bure na yatosha. Saa moja ya sauti isiyobanwa hula megabaiti 635 hivi. Fanyeni mshale wa sauti ufike karibu na juu bila kugonga mwisho. Ukigonga, sauti itapasuka, na mpasuko huo hauondoki tena.

Sauti ikiwa nzito na ya chini kama ya mtu mwenye usingizi, mkanda wa mpira ndani ya mashine umelegea. Ikiwa imefifia kama mtu asemaye nyuma ya pazia, kichwa ni kichafu au kimekaa mshazari. Jaribuni mashine nyingine kabla ya kusema kaseti imekufa.

HESHIMA YA WALIOMO KATIKA PICHA

Kuna jambo kubwa kuliko nyaya. Katika Mji wa Kale na sehemu nyingi za Pwani, sherehe za arusi za wanawake hufanywa na wanawake peke yao, na kanda zake si za kutazamwa na wanaume. Kikundi kikikusanya kanda za wanachama, Waislamu na Wakristo, kiulize kwanza: ni ya nani, nani aweza kuitazama, na nani ataikalia kompyuta wakati yanaswa? Kumbukeni kwamba kunasa kanda ya saa tatu huchukua saa tatu, na anayenasa huona yote. Kanda za akina mama zishughulikiwe na akina mama.

Kama mwapeleka kwa fundi wa mjini, kubalianeni kabla. Nani wa dukani atakayeshika kazi? Faili litafutwa lini katika kompyuta yake? Kanda zenyewe zitarudi siku gani, ngapi? Andikeni idadi na mtie sahihi pande zote. Tangu 2019 Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data, na picha ya mtu ni mali yake. Lakini hata bila ya sheria, jirani huaminiwa kwa kusitiri.

BAADA YA KUNASA

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Faili liitwalo "video 7" ni sawa na mtungi usio na alama kati ya mitungi mia. Lipeni kila faili jina lenye mwaka, mahali na shughuli. Kisha fanyeni kazi ambayo kompyuta haiwezi: waiteni wazee, mtazame pamoja, na katibu aandike nani ni nani. Yule mwenye kanzu aliyesimama kando ya kisima, baada ya miaka kumi hakutakuwa na wa kumtambua. Kama katika kanda mtu aeleza mpaka wa kiwanja au mkataba wa maji, andikeni ni dakika ya ngapi.

Wekeni nakala tatu, mahali patatu tofauti. Moja kwa mwenyekiti, moja kanisani au msikitini, moja kwa mwanachama wa mbali. Sahani za DVD na flashi nazo hufa, kwa hivyo zifungueni kila mwaka mhakikishe. Na kanda asili msizitupe. Zisimamisheni wima ndani ya kisanduku kilichofungwa, mbali na ukuta, jua na spika. Kesho huenda mkapata mashine bora.

Katika Injili ya Yohana, sura ya 6, watu walipokwisha kula na kushiba, Bwana aliwaagiza wanafunzi wake waokote vipande vilivyosalia, kisipotee kitu. Wala havikuwa vidogo, vilijaa vikapu kumi na viwili. Huenda sanduku lenu nalo lina vikapu ambavyo hamjavihesabu.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KIKUNDINI

1. Kikundi chetu kina kanda ngapi, na ziko kwa nani? Nani atazikusanya na kuziandika kabla ya mkutano ujao?
2. Kati ya hizo, ni tatu zipi ambazo zikipotea tutapata hasara kubwa kuliko zote? Hizo zitangulie.
3. Je, kuna zenye kuvu? Nani atazitenga?
4. Je, kuna kanda ambayo haifai kutazamwa na kila mtu? Tumemwuliza mwenyewe?
5. Nani kati ya vijana wetu, wa kike na wa kiume, watafundishwa kazi hii kwa kanda ya majaribio?

Fanyeni orodha kwanza. Orodha haihitaji stima.